Ushahidi wa Tumbo

Ukiuacha moyo, huenda hapana sehemu ya mwili iliyobebeshwa maneno mengi na Waswahili kuliko tumbo. Ndugu wa karibu kabisa ni wa tumbo moja. Asiyejali ila nafsi yake husemwa kuwa anaangalia tumbo lake. Aliyechomwa na kauli ya mwenziwe husema amekatwa maini, na nyongo, iliyojibanza chini ya ini hilohilo, imepewa na wahenga jina la mkalia ini, jina ambalo mpasuaji hawezi kulipinga kwa kuwa ndipo ilipo. Hata maumivu ya mwanamke anayejifungua na majonzi ya mfiwa yameitwa kwa neno moja, uchungu, na lugha haikuona haja ya kuyatenga.

Hilo ni tumbo la maneno. Tumbo la mwili, lile lililolazwa kitandani nguo zikapandishwa mpaka mbavuni na mkono wa mtu mwengine ukateremka juu yake, halikupata washairi wengi. Nalo lina swali lake, tena zito. Mkono ule una haki gani? Mtu ambaye pengine hata jina lake halijulikani anataka kuyajua yaliyomo ndani ya mwili usio wake, na hoja yake ni kwamba anataka kusaidia. Je, nia njema yatosha kuwa ruhusa? Na pale mwenye tumbo asipoweza kujisemea, kwa uchanga, kwa maumivu, kwa haya au kwa uzee, ni nani wa kumsemea, na ni kwa bei gani tumbo lake laweza kutakiwa litoe ushahidi?

Tumbo ni nyumba isiyo na ukuta wa mbele. Ubongo umehifadhiwa na fuvu. Moyo na mapafu yamezungushiwa mbavu. Tumbo lina uti wa mgongo kwa nyuma, mifupa ya nyonga kwa chini, kiwambo kinachopanda na kushuka kwa pumzi kwa juu. Lakini kwa mbele halina ila ngozi, mafuta na tabaka za misuli. Nyuma ya pazia hilo, chini ya mbavu za kulia, limelala ini. Kushoto, ndani kabisa, imejificha bandama. Penye chembe ya moyo pana mfuko wa chakula, na nyuma yake kongosho. Figo mbili zimeegemea mgongo. Chini upande wa kulia kinaning'inia kidole tumbo, na katikati, nyuma ya mfupa wa kinena, kipo kibofu, na kwa mwanamke mfuko wa uzazi ukiwa nyuma ya kibofu. Watabibu hupiga mistari miwili ya kuwazia ikakutana kitovuni, uwanja wote ukagawika robo nne. Na kitovu chenyewe, ambacho kwa watu wa pwani mahali kilipozikwa ndipo kwao mtu, hakikuzikwa chote. Mshipa uliokuwa ukileta damu kutoka kwenye kondo hufunga baada ya kuzaliwa, kisha hubaki ndani kama uzi ulionyooka kutoka kitovuni hadi kwenye ini, na mtu akazeeka nao bila ya kujua.

Kukosa mfupa mbele ndiko kunakomwezesha mwanadamu kuinama, kushiba na kubeba mimba. Ndiko pia kunakoufanya mkono uweze kujua. Lakini mahali pa mfupa pamewekwa mlinzi, nao ni misuli. Mkono wa baridi ukianguka ghafla, misuli hukaza. Kuna kukaza kwa hofu, ambako hulegea pumzi ikitulia. Na kuna kukaza kwa maradhi, pale utando unaolizunguka tumbo kwa ndani unapopatwa na uvimbe au usaha, na misuli ikawa kama ubao, isimtii hata mwenyewe. Kazi ya tabibu ni kutofautisha baina ya kukaza huku na kule, na hawezi iwapo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta hofu. Ndiyo maana wanafunzi wa utabibu hufunzwa wapashe viganja moto, wamkunjishe mgonjwa magoti, waanze mbali na panapouma, na wakati wa kupapasa macho yao yawe usoni pa mgonjwa, si tumboni, kwa kuwa uso husema kabla ya ulimi. Hufunzwa pia kwamba tumbo, tofauti na kifua, husikilizwa kabla ya kuguswa, maana mkono huyatibua matumbo na kuzibadilisha sauti zake.

Kutokana na hayo imezuka hoja inayowapendeza sana walimu wa taaluma hii: kwamba hapa adabu na elimu zimefungwa kamba moja. Asiyebisha hodi hufungiwa mlango. Mwenye mkono wa nguvu hupata habari za uongo, na mpole hupata za kweli. Basi wema ni sehemu ya ustadi. Ni hoja tamu, na kwa sehemu kubwa ya umri wa mwanadamu ni ya kweli. Itaonekana mbele kwamba haitoshi.

Aithibitishaye hoja hiyo kuliko wote ni mtoto mchanga. Tumbo lake si tumbo la mtu mzima lililopunguzwa. Limetuna, na hupanda na kushuka kwa kila pumzi, kwa kuwa mtoto hupumua kwa kiwambo zaidi kuliko kwa mbavu. Ini lake ni kubwa kwa kadiri ya mwili, na ukingo wake hupapasika sentimita 1 au 2 chini ya mbavu pasipo na ugonjwa wowote. Kibofu chake hukaa juu, tumboni hasa, kwa sababu nyonga bado ni finyu. Kitovu kilichotokeza, ambacho huwanyima mama wengi usingizi, kwa watoto walio wengi hurudi chenyewe kabla ya kutimia miaka 5. Kwa hiyo mkono usiojua umri utaona maradhi pasipo maradhi. Na penye maradhi huenda usione: mtoto wa wiki chache anayetapika kwa nguvu kila anyonyapo anaweza kuwa na kinundu cha kadiri ya tunda la zeituni penye mlango wa kutokea wa mfuko wa chakula, nacho hakipatikani ila tumbo likiwa limelegea kabisa, aghalabu mtoto akiwa ananyonya. Ziwa la mama hapo huwa ni chombo cha uchunguzi.

Kwa sheria, mtoto huyo hana ruhusa ya kutoa wala ya kunyima. Mama au baba ndiye asemaye ndiyo. Lakini tazama jinsi tumbo lake linavyojitawala. Akilia, hukaza. Anaweza kushikwa na watu wanne, miguu na mikono, na atakayempapasa atakuta jiwe. Mwenye akili humwacha mapajani pa mama, humsubiri avute pumzi baina ya kilio na kilio, na akiwa ni wa miaka 3 au 4 mwenye kutekenyeka, hukichukua kiganja cha mtoto mwenyewe akakilaza tumboni na kupapasa juu yake. Mtoto hatekenywi na mkono wake.

Yamewahi kupapaswa matumbo ya watoto kwa ajili isiyokuwa ya watoto. Katika miaka ya 1840 huko India, tabibu Mwingereza T. E. Dempster aliipapasa mibandama ya watu waliokaa karibu na mifereji ya maji, kwa kuwa bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara, na kutokana na wingi wa waliovimba akaupima uzito wa homa katika nchi. Njia hiyo ilienea katika nchi zote za malaria, Afrika Mashariki ikiwemo, na umri uliozoeleka kwa hesabu ukawa wa watoto wa miaka 2 hadi 9. Mstari wa watoto, mkono chini ya ubavu wa kushoto wa kila mmoja, nambari daftarini. Kilichotafutwa ni kinamasi, si mtoto. Manufaa yake hayana shaka, maana kampeni dhidi ya mbu zilielekezwa na nambari hizo. Ila mtoto aliyepapaswa alikuwa ukurasa tu, na ukurasa hauulizwi kama unakubali kusomwa.

Mtoto akifika umri wa skuli huja na tumbo la aina nyengine: lile linaloumwa asubuhi na kupona mchana. Mwaka 1958 daktari wa watoto John Apley wa Bristol, Uingereza, pamoja na mwenzake walitoa matokeo ya kuwachunguza wanafunzi 1000, wakakuta kiasi cha mmoja katika kila kumi huumwa na tumbo mara kwa mara. Katika walio wengi hapakupatikana kiungo kilichoharibika. Apley akafundisha kwamba kadiri maumivu yanavyokaa mbali na kitovu ndivyo yanavyostahili kutiliwa shaka ya ugonjwa wa kiungo. Nao watoto hawa, wakiulizwa panapouma, hulaza kiganja kizima juu ya kitovu.

Wazazi wengi huwa wamekwisha hukumu: ni uongo wa kukwepa masomo. Na hapa ndipo pahala pa kuuliza nini maana ya kusema kwamba maumivu ni uongo. Hapana mtu aliyewahi kuyaona maumivu ya mwenziwe. Adhabu ya kaburi, walisema wazee, aijuaye ni maiti. Matumbo yana mtandao wake wa neva, mamilioni kwa mamilioni, unaozungumza na ubongo usiku na mchana, na hofu ya fimbo ya mwalimu au ya ugomvi wa nyumbani hushuka kwa njia hiyo ikawa msokoto ulio wa kweli kama msokoto wa minyoo. Mkono wa tabibu haukukuta kitu. Mtoto hakusema kwamba kuna kitu, alisema panauma. Kumkataa shahidi kwa sababu hana shahidi wa pili ni kumwonea, hasa anapokuwa ndiye pekee aliyekuwepo.

Shahidi mwenyewe, hata hivyo, amewahi kuteswa kwa ajili ya ushahidi wake, na si na watu wabaya.

Chukua mfano wa kidole tumbo kilichovimba, maradhi yanayowapata zaidi vijana. Maumivu huanza katikati, kandokando ya kitovu, bila ya anwani, kwa sababu neva za matumbo hazijui kutaja mahali. Saa kadhaa zikipita na uvimbe ukaugusa utando wa ndani, ambao neva zake zajua mahali, maumivu huhamia chini kulia, karibu na nukta aliyoieleza Charles McBurney wa New York mwaka 1889, kiasi cha theluthi ya njia kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kwenda kitovuni. Wakati mwengine hutulia ghafla, na jamaa wakashukuru, kumbe kidole tumbo kimepasuka. Kwa hiyo maumivu ni mjumbe: mahali pake, mwendo wake na kutulia kwake ni barua ambayo tabibu wa zamani, asiye na mashine, aliisoma kwa vidole.

Mwaka 1921 mpasuaji Zachary Cope, wa hospitali ya St Mary's mjini London, alitoa kitabu kidogo juu ya kuyatambua mapema maradhi ya ghafla ya tumbo, na kikawa kitabu cha mkononi cha vizazi vya wapasuaji. Ndani yake alishikilia kwamba mofini, dawa itokanayo na afyuni, isitolewe mpaka sababu ya maumivu ijulikane na uamuzi uwe umekatwa. Ukali wa kuinyima, kwa maoni yake, ni huruma ukitazamwa mwisho wake. Wasomaji wa mashairi watapenda kujua kwamba Cope huyu aliyatia mafunzo yake katika vina pia, akayachapisha mwaka 1947 kwa jina la kalamu la Zeta. Si jambo geni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliufupisha utabibu katika bahari ya rajaz, na Ibn Rushd akaja kuisherehesha urjuza hiyo. Na washairi wa pwani hii hawahitaji kuelezwa kwa nini elimu inayotakiwa ikae kichwani hutiwa katika vina. Lakini kina kina hatari yake. Neno lililopata vina hukaa muda mrefu kuliko haki yake.

Basi kwa miongo mingi mgonjwa alilazwa akijikunja, meno yameuma shuka, na aliyeweza kumtuliza alisimama karibu naye na dawa mkononi akimsubiri mpasuaji afike. Sababu haikuwa roho mbaya. Mwaka 1921 dawa za kuua vijidudu vya usaha hazikuwapo, picha za ndani zilikuwa chache, na aliyepewa mofini aliweza kujisikia nafuu, akarudishwa nyumbani, akafa. Waliomnyima waliamini kwamba wanamnyima leo ili wampe kesho.

Ndipo likaja swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema zaidi: je, ni kweli? Mwaka 1992 jarida la British Medical Journal lilichapisha jaribio la Uingereza lililowahusu wagonjwa 100 wenye maumivu makali ya ghafla ya tumbo. Baadhi yao walidungwa dawa ya jamii ya afyuni, wengine wakadungwa maji ya chumvi, kisha wapasuaji wakawapapasa bila ya kujua nani kapata nini. Maumivu yalipungua kwa waliopata dawa; utambuzi haukuharibika. Majaribio mengine yakafuata, na mapitio ya jumla ya mwaka 2007 yakafikia hukumu hiyohiyo. Aliyetulizwa huweza kulala chali, huweza kunyoosha miguu na kujibu anayoulizwa, na panapouma hasa hubaki pakiuma chini ya kidole. Kilichowaua wale wa zamani hakikuwa dawa. Ni tabibu aliyedhani kwamba mgonjwa akinyamaza basi kazi imekwisha. (Na wale waliodungwa maji ya chumvi mwaka 1992 wana swali lao, kwani waliendelea kuumwa ili ijulikane kwamba hakuna haja ya mtu kuendelea kuumwa.)

Wengi huishia hapo kwa furaha: sayansi imetuthibitishia kwamba ukatili haukuwa na faida. Lakini furaha hiyo inalikimbia swali. Tuseme Cope angekuwa na haki. Tuseme maumivu ya saa tatu yangekuwa kweli ndiyo njia pekee ya kujua. Je, ingekuwa halali kumwacha nayo? Mahakama hukataa ushahidi uliotolewa kwa mateso, hata ukiwa wa kweli. Ila mahakamani anayeteswa na anayefaidika ni watu wawili, na hapa ni mmoja. Jibu linaloonekana la haki zaidi ni kwamba uvumilivu huo ungekuwa halali kwa sharti moja, nalo ni kuombwa. Mtu huweza kukubali kuumia kwa ajili ya nafsi yake akielezwa kwa nini na kwa muda gani. Kilichokosekana kwa miongo ile, zaidi ya mofini, ni mtu wa kuinama karibu na sikio la mgonjwa akamwambia: kuna dawa, nimeizuia, na sababu ni hii, wewe wasemaje?

Kuhusu haya, watu wa visiwani wana elimu yao ya zamani, nayo imesimama baina ya methali mbili: mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hakuna hata moja inayosema uchi ni wa kila mtu. Zote mbili zinamsemesha mwenye uchi. Zinamshauri afunue yeye, si kwamba afunuliwe. Wanazuoni wa fiqhi nao wana kanuni maarufu kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na aghalabu watu huishia hapo, ilhali ina ndugu yake inayotembea nayo: dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Kwa lugha ya kitanda cha mgonjwa maana yake ni shuka. Kinachohitaji kuonekana kionekane, kingine kifunikwe, na kikishaonekana kifunikwe tena. Asidhani mtu kwamba haya ni kikwazo cha elimu. Mwaka 1816 mjini Paris, Laennec aliona vibaya kulaza sikio kifuani pa mwanamke kijana, akakunja karatasi iwe kama bomba. Chombo kinachoning'inia shingoni mwa kila daktari leo kimezaliwa na haya.

Mwanamke mwenye mimba ndiye ambaye tumbo lake hushikwa na watu wengi zaidi, na pengine ndiye anayeulizwa machache zaidi. Mavyaa huligusa, mawifi huliguza macho, jirani huamua kwa umbo lake kama ni mtoto wa kike au wa kiume. Mkunga hulisoma kwa namna nyengine. Katika wiki ya 12 mfuko wa uzazi huchungulia juu ya mfupa wa kinena. Kwenye wiki ya 20 hufika kitovuni. Kwenye wiki ya 36 hugonga chembe ya moyo, kisha, hasa kwa mimba ya kwanza, huteremka kidogo mtoto akitafuta njia. Baada ya wiki ya 24, sentimita za utepe kutoka kinena hadi kilele cha mfuko hukaribiana na idadi ya wiki, kana kwamba mwili na fundi cherehani wamekubaliana. Kisha mkunga hupapasa kwa hatua nne zilizoandikwa vitabuni kwa jina la Leopold, Mjerumani wa karne ya 19: kilele, mbavu mbili za mfuko, kinacholala juu ya nyonga, na jinsi kichwa kilivyoshuka. Katika hatua tatu za mwanzo mkunga humwelekea mama usoni. Katika ya nne humgeuzia mgongo, akatazama miguuni, kwa kuwa mikono haiwezi vyengine. Mkunga mzoefu humwambia kabla ya kugeuka.

Jambo dogo kama hilo la kulala chali lenyewe lina neno. Mimba ikiwa kubwa, mfuko hukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, na mama aliyelazwa chali kwa muda anaweza kusikia kizunguzungu na kichefuchefu. Akigeuzwa ubavu wa kushoto hutulia. Mkao uliomfaa mpapasaji ulikuwa unamwumiza mpapaswa, na kama yeye ni mtu wa kustahi, huenda asiseme. Na mara nyingi hatakiwi aseme. Swali huelekezwa kwa mume aliyesimama mlangoni au kwa mavyaa aliyekaa kitandani: anakula? analala? tunaweza kumpima? Majibu hutolewa kwa mapenzi na pengine kwa usahihi. Yeye mwenye tumbo hutazama dari. Wanaosema kwamba kuuliza jamaa ni desturi ya heshima wana haki kwa nusu tu. Heshima ya jamaa ni kuwepo, si kujibu. Mashine ya ultrasaundi, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilishauri kila mjamzito aipitie walau mara moja kabla ya wiki ya 24, imemwonyesha mama mtoto wake, na hilo si dogo. Lakini kioo chake aghalabu kimeelekezwa kwa mpimaji.

Sasa mzee, na hapo ile hoja tamu ya walimu ndipo inapokwama.

Umri ukienda, misuli ya tumbo hunyauka. Tumbo la mzee hulegea chini ya mkono, hata wa baridi, hata wa haraka. Mlango hauna tena mlinzi. Lakini kulegea huko hakuleti ukweli. Utumbo unaweza kuwa umetoboka na usaha umeenea, na misuli isikaze kama ubao, homa isipande, maumivu yawe ni uzito tu usio na mahali. Kidole tumbo cha kijana hupiga kelele; cha mzee hupasuka kimyakimya, na ndiyo maana kwa wazee huwa kimepasuka mara nyingi zaidi wanapofikishwa kwa mpasuaji. Mshipa mkuu unaopita mbele ya uti wa mgongo huweza kutuna kama puto, ukipiga chini ya vidole, na mwenyewe akalalamika mgongo. Kibofu kilichozibwa na tezi dume huweza kufika kitovuni, na mzee akasema anakojoa, kwa kuwa kweli yanadondoka matone. Kwa mwili kama huu mkono sharti ukiri udogo wake; picha za CT huona ambacho vidole havitakiona.

Na ulimi nao umenyamaza. Adabu ya pwani imemfundisha mzee kwamba anayeulizwa hali hujibu alhamdulillahi, hali yoyote iwayo. Ameamkiwa shikamoo na tabibu mwenye umri wa mjukuu wake. Ataanzaje kumsimulia habari za choo? Hataki pia kuwasumbua watoto walioacha kazi zao kumleta. Hao watoto ndio wanaosema. Baba hali. Baba hajatoka haja siku nne. Baba amesahau siku hizi, usimsikilize. Mazungumzo hupita juu ya kitanda, kutoka bega hadi bega, na chini yake amelala mtu aliyewahi kuongoza chombo toka Lamu hadi Unguja kwa nyota.

Basi kwa nini mkono upashwe moto? Tumbo hili halitakaza ukiwa wa baridi. Kwa nini aombwe ruhusa, ikiwa jibu lake huenda likasahaulika kabla ya shuka kupandishwa? Kwa nini macho yawe usoni pake, ikiwa uso huu hautatoa habari? Hoja ya ustadi haina jibu, kwa sababu hapa upole haulipi. Mkono mkali na mkono mpole hutoka na elimu ileile, nayo ni haba. Waliojengea wema wao juu ya faida hujikuta hapa hawana sababu ya kuwa wema, na inaonekana, kwa jinsi wazee wanavyofunuliwa mbele ya wodi nzima na kugeuzwa kama magunia, kwamba wengi hawana.

Huenda basi mambo yalikuwa kinyume tangu mwanzo. Mtoto mchanga hakustahili upole kwa kuwa tumbo lake lingekaza. Kukaza kulikuwa ni bahati yake tu, silaha aliyopewa ya kujitetea mpaka azoee watu. Kijana mwenye kidole tumbo hakustahili kutulizwa kwa kuwa utambuzi haukuharibika mwaka 1992; alistahili kuelezwa na kuulizwa hata lau ungeharibika. Haki ilikuwapo siku zote, na faida ilitokea kutembea nayo njiani kwa miaka sabini hivi, kisha ikachoka.

Katika mitihani ya udaktari siku hizi mwanafunzi husimama mbele ya mgonjwa huku msimamizi ana karatasi. Hupewa alama kwa kujitambulisha, kwa kuomba idhini, kwa kufunika pasipohitajika kuonekana, kwa kutazama uso wakati wa kupapasa. Ni jambo jema. Yapo mengi yaliyoanza kwa alama yakaishia kuwa tabia. Mzee aliyelala mwisho wa wodi saa nane za usiku, watoto wake wamekwisha kwenda, hana karatasi wala alama za kumpa mtu. Atakayekuja kumpapasa atakuwa amechoka. Atamwambia, babu, naomba nikuguse tumbo, au hatamwambia. Atamfunika akimaliza, au atamwacha hivyo. Hapana atakayejua ila yeye, na pengine mzee.